Makartoni tatu ya madiski ya rock ya baba: niuzishe yote pamoja ao moja moja? (Lubumbashi)

Binti_Makomeno

Jambo ba yaya, jambo ba muzee na bandugu wote. Niko Lubumbashi, minaomba mashauri yenu juu ya kintu kimoja kinaninyima usingizi hii ni wiki ya pili.

Baba yetu alitutoka mwaka jana. Tulipofungua depo ya nyuma ya nyumba tukakuta makartoni tatu ya madiski, ile santuri kubwa za muzunguko 33 kwa dakika, nilihesabu mara mbili, ni 71. Baba alikuwa anatumika Gécamines ku mafundi wa kura (umeme), na vile alikuwa anatuelezaka, patro wake Mubelgiji njo alimuachia sehemu kubwa ya ile madiski mu 1974, kisha zairianizasio (serikali kukamata biashara za wageni), juu bazungu wengi walikuwa wanarudia kwabo na mavalizi tu na madiski ni bintu bizito. Ingine baba alijinunulia yeye mwenyewe. Haiko rumba hata moja. Ni ile rock ya Waingereza yenye wimbo mumoja unakula upande muzima ya diski, dakika ishirini, kinanda, filimbi, magitari, mara inanyamaza kabisa uwaze imekwisha, kumbe inaanza tena. Siku ya Mungu, kisha misa, baba alikuwa anaketi mbele ya fono na hakuna mutu wa kumusemesha. Kuko posheti moja ya sura ya mutu mwekundu, kinywa wazi, matundu ya pua sawa mapango, sisi batoto tulikuwa tunaiogopa paka mama alikuwa anaigeuza ku ukuta.

Sasa kuko bwana mumoja anauzishaka bintu bya zamani mu mugini. Alikuya, akapitisha vidole mu makartoni dakika tano, akasema dola 150 kwa yote, makuta kesho asubuhi. Kaka yangu mukubwa anasema tukubali, juu deni ya matanga haiyakwisha. Mimi roho inakataa lakini siko na neno la kumujibu kaka. Nitajuaje bei ya kweli? Niuzishe pamoja ao moja moja? Na hapa kwetu nani ananunuaka bintu bya vile? Fono ya baba iko, lakini mukaba wa ndani ulikatika kwa hiyo sikuweza kusikiliza hata moja. Aksanti mbele.

Muzee_Fundi_Katuba

Binti yangu, pole sana, Mungu amupumuzishe baba. Mimi natengenezaka mafono tangu niko kijana, nitakwambia yenye nimeona na mikono yangu.

Kwanza usimujibu yule bwana hii wiki. Mwambie kaka yako kwa heshima kwamba deni ya matanga inaweza kungojea siku kumi na nne zaidi, madiski imengojea miaka makumi tano. Dola 150 kwa 71 ni dola mbili na kintu kwa diski moja. Pengine hiyo njo bei yake, sikatae, lakini mutu mwenye anapitisha vidole dakika tano hakuangalia madiski, aliangalia maposheti, na pengine aliona moja ao mbili yenye inarudisha makuta yake yote, ile ingine 69 anabeba bule.

Batu wengi wanawazaka uzee wa diski njo bei yake. Hapana. Diski ya 1971 yenye ilichezwa kila siku na sindano imekwisha, haina sauti tena, ni sahani. Bei iko mu mifereji. Kwa hiyo kamata kila diski, ishike ku pembeni na ku katikati tu, vidole visiguse pa nyimbo, iende chini ya taa moja yenye nguvu, iinamishe kiloko kiloko. Utaona mistari. Mustari mwembamba sawa unywele wenye unaonekana paka ukiinamisha, huo mara mingi hausikilike. Mustari wenye ukipitisha ukucha unasikia unakwama, huo utasikilika, tak, tak, tak, kila muzunguko, na kama ni murefu sindano itaruka. Andika mu kaye: diski gani, upande gani, umeona nini.

Sasa sikiliza vizuri, juu hapa njo batu wanaharibu mali yabo. USIPANGUSE NA KITAMBAA KIKAVU. Vumbi yetu ya Lubumbashi ni ile nyekundu, iko na muchanga ndani yake, na mu depo inachanganyika na moshi wa makala inakuwa sawa rangi. Ukipangusa kavu unaisugua na musasa. Tafuta maji ya batri, ile maji safi ya kuongeza mu batri ya gari, haina chumvi. Lakini soma bidon mara mbili binti yangu, juu wale wale wanauzisha maji wanauzisha na asidi mu bidon ya kufanana, asidi itakuchoma mikono. Muulize muuzaji, kisha muulize tena. Ukipata maji ya kweli, changanya vipimo vinne vya maji na kimoja cha alkoli ya isopropili ya farmasi, tone moja tu la sabuni ya vyombo. Kitambaa laini kipya, kilowe, unafuata mifereji kwa muzunguko, haukati katikati. Etiketi isilowe. Kisha unapitisha maji tupu, unaisimamisha ikauke pa kivuli. Pa kivuli, si pa jua, jua ya hapa mwezi wa kumi inapinda diski sawa chapati.

Na usiweke diski hata moja ku fono ya baba mbele ya kubadilisha sindano. Sindano ya zamani ile imeisha inalima mifereji. Mukaba nitakutafutia, nipime urefu wa ule uliokatika, hata vipande.

Kijana_Ruashi

Dada mimi ningekamata 150 leo leo. Nyimbo zote iko mu telefone bule, nani atalipa makuta juu ya plastiki? Yule bwana akibadilisha mawazo mutabaki na makartoni na mende

Mama_Santuri_Bukavu

@Kijana_Ruashi mudogo wangu, wanalipa. Minauzisha madiski tangu miaka nane, niko Bukavu, nyumba yangu ya Nguba ilimalizika na hii plastiki yenye unaisema. Bananunuaka Wajapani, Wafaransa, Wajerumani, batu wazima wenye wanatafuta ile diski waliyoisikia wakiwa na miaka kumi na saba, na vijana vile vile. Lakini hawanunue jina la grupe. Wananunua CHAPA. Dada Makomeno hapa njo kazi yako ya pili kisha ile ya muzee (na fanya yote kama alivyosema, juu ya asidi alisema kweli).

Diski moja ilifyatuliwa mara mingi, Uingereza, Ufaransa, Italia, Marekani, mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, mwaka wa kumi. Nyimbo ni zile zile, bei haifanane hata kidogo. Ile ya kwanza kabisa ya inchi ya grupe lenyewe njo wanaipigania. Utaijuaje? Angalia etiketi ya katikati, rangi yake na alama yake. Mufano Vertigo, kampuni ya Waingereza, tangu 1969 paka 1973 ilikuwa na etiketi ya duara nyeusi na nyeupe zinazungukana sawa konokono, diski ikizunguka macho yanazamishwa ndani. Kisha wakaibadilisha wakaweka picha ya vyombo vya angani. Kwa hiyo diski ya konokono na diski ya vyombo vya angani ya grupe lile lile, ni mutu na mutoto wake. Island, kampuni ingine, nayo ilikuwa na etiketi ya waridi nzima mwanzoni, kisha ikaweka muti wa munazi na waridi ikabaki ku pembeni tu. Charisma vile vile, mbele waridi, kisha ile ya mutu wa kofia kubwa. Ile ya Pink Floyd ya 1973 yenye posheti nyeusi na mwangaza unapita mu pembetatu, chapa ya kwanza ya Uingereza iko na pembetatu ya buluu IMEJAA ku etiketi, zenye zilifuata ni mustari tu wa pembetatu.

Kisha iinamishe diski, angalia ile nafasi laini kati ya wimbo wa mwisho na etiketi. Kuko namba na herufi ndogo zimekwaruzwa ao zimegongwa pale. Hizo njo kitambulisho chake. Piga foto, ao andika vile vile zilivyo, hata kama hauelewe. Ku madiski kampuni EMI ilifyatua Uingereza, na Harvest, yenye ilitoa ile ya Pink Floyd, ni ya EMI, kuko kamuchezo kazuri: walitumia neno GRAMOPHLTD, G ni 1, R ni 2, A ni 3, paka T ni 9 na D ni 0. Ukikuta herufi moja peke yake pembeni, G ao R, maana diski yako ilitoka ku kipande cha chuma cha kwanza ao cha pili. Mimi siku nilielewa hiyo sikulala, nilirudia mu kartoni yote na taa ya telefone ku kinywa.

Ukisha kuwa na zile namba unaziandika mu Discogs, site ya internet ya madiski, iko tangu 2000, watu wenyewe wa madiski njo wameijaza, utaona chapa yako kamili na bei yenye iliuzishwa kweli: ya chini, ya katikati na ya juu. Usiangalie bei yenye batu wanaomba, mutu anaweza kuomba mbingu. Angalia yenye ililipwa. Na usichukue ile ya juu, ile ilikuwa diski haijaguswa.

Juu ya hali: kuko vipimo bazungu wanatumia, tangu bora paka ya kuchoka: Mint (mupya kabisa), Near Mint (karibu mupya), VG+, VG, Good. Usidanganyike na lile neno Good, kwa madiski maana yake imechoka sana. Nitakwambia yenye ilinipata. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na diski moja ya Genesis, Foxtrot ya 1972, inangaa sawa kioo, nikaiandika Near Mint kwa macho tu, sikuisikiliza, kura ilikuwa imekatika siku tatu na niliharakisha. Mununuzi mumoja wa ngambo akalipa vizuri. Kufika kwake akaiweka: upande wa pili wote ulikuwa unapasuka sawa mafuta ya moto, mutu aliichezaka na sindano mbaya, macho hayawezi kuona hiyo. Nilirudisha makuta yote, na usafirishaji niliubeba mimi, kwenda na kurudi. Tangu siku ile hakuna diski inatoka mu mukono yangu sijaisikiliza yote, pande zote, hata ya dakika makumi ine na tano. Kama sijasikiliza minaandika wazi «sijaisikiliza» na bei inashuka.

Binti_Makomeno

Mungu awabariki. Nilimwambia yule bwana angojee, alikasirika kiloko lakini akasema sawa. Kaka amenipa wiki mbili.

Maji ya batri nilipata, muuzaji kweli alikuwa na bidon mbili za kufanana, nilisoma mara tatu. Nimesafisha 40. Maji yenye ilitoka ilikuwa sawa chai. Nikuambieni vile niliona:

Ile ya sura nyekundu ni King Crimson, 1969. Etiketi yake iko na munazi, waridi ni ku pembeni, kwa hiyo mama Santuri si ile ya kwanza? Na upande wa kwanza kuko mukwaruzo murefu, ukucha unakwama tangu pembeni paka karibu na katikati. Kona ya posheti mende ilikula.

Pink Floyd ya pembetatu: etiketi imeandikwa Made in France. Lakini ndani kuko maposta mbili na vibandiko viwili, haijabandikwa.

Kuko ya Jethro Tull, Thick as a Brick, 1972, posheti yake ni gazeti kabisa la kufungua, kurasa kumi na mbili, sijawahi kuona kintu cha vile. Niliona ukurasa wenye visanduku vya kujaza maneno, BABA ALIJAZA. Na biki ya buluu, mu Kifaransa, mahali pengine alikata akaandika tena. Niliketi chini na ile gazeti sijui saa ngapi.

Kuko Gentle Giant, Acquiring the Taste, etiketi ya konokono nyeusi na nyeupe!! Kwa macho haina mukwaruzo, nadhani baba hakuipenda sana.

Aphrodite's Child, 666, ya diski mbili. Kuko ya magrupe Yes na Genesis, na ya Emerson Lake and Palmer yenye posheti inafunguka katikati sawa mulango.

Na kuko moja ya ajabu, imeandikwa WITCH, Lazy Bones!!, batu weusi ku posheti. Kaka anasema baba aliibeba kutoka Chililabombwe, kule Zambia, kwa shangazi, yeye kaka alikuwa mutoto alikuwa mu ile safari. Hii ni ya nini?

Tena nyuma kabisa kuko madiski mbili madogo mazito sana, haipindike, ukigonga inalia sawa sahani, etiketi Gallotone. Sikuhesabu ile mu 71. Nataka kuisafisha kesho.

Muzee_Fundi_Katuba

BINTI USISAFISHE ILE MBILI NA ALKOLI. Hata tone. Hiyo haiko plastiki, ni ile ya gome-laki (shellac, utomvu mugumu), ya muzunguko 78, alkoli inaiyeyusha mbele ya macho yako. Kitambaa kilichoguswa na maji kidogo tu, ukauke saa ile ile. Na ikianguka inapasuka sawa kikombe. Sindano ya 33 pia haifae, mifereji yake ni mipana, inaomba sindano yake yenyewe.

Gallotone ni ile kampuni ya Afrika ya Kusini iliyotoa nyimbo za Mwenda Jean Bosco, mupiga gitari wa kwetu, yule alirekodiwa na Hugh Tracey, mukusanyaji wa nyimbo za Afrika, mu 1952 kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Soma jina ku etiketi unitumie. Kama ni Mwenda ao mutu mwingine wa kwetu, ile usiweke pamoja na rock, usimuonyeshe hata yule bwana.

Mwana_wa_Likasi

Dada simama hapo hapo, rudi ku WITCH!!!

Ile haiko ya ajabu, ile njo kubwa mu kartoni yako yote. WITCH ni grupe ya Zambia, Kitwe, mu miaka ya 70. Batoto wa Copperbelt (upande wa shaba wa Zambia), bababa zao wa mugodi sawa bababa zetu, walisikia rock ya Waingereza mu radio wakachukua magitari yabo, wakaweka ile sauti ya kukwaruza, wakaimba juu yake Kingereza na Kibemba. Leo batu wanaiita Zamrock. Mwimbaji wao ni Emanyeo Chanda, wanamuita Jagari. Lazy Bones!! ni ya 1975. Mwaka ule ule Amanaz walitoa Africa, Musi-O-Tunya wakatoa Wings of Africa. Kisha bei ya shaba ikaanguka, makuta ikakosekana, na mbele kidogo SIDA ikabeba wanamuziki wengi sana, ikakwisha. Madiski ilifyatuliwa kidogo, zenye zilibaki zilichezwa mu mabaa paka zikaisha. Kwa hiyo ya zamani yenye iko safi inauzishwa mamia ya dola, zingine zimepita elfu. Jagari yeye alibaki, alirudia ku jukwaa, mu 2023 WITCH walitoa diski mupya kabisa.

Siseme yako ni elfu. Lakini angalia: posheti iko na zile mistari ya kusoma bei na mashini, kodi-bari? Kama iko ni ile ya juzi, walizitoa tena kampuni za ngambo. Kama haiko, na kaka yako anakumbuka safari, ni ya wakati ule. Na mimi minawaza yule bwana aliiona ile. Bazungu walifika mu Copperbelt kuitafuta, na sisi tuko tu nyuma ya mupaka wa Kasumbalesa hatujui iko chini ya kitanda chetu.

Baba yangu vile vile alikuwa na Zamrock, tuliifunikia bidon ya maji wakati nilikuwa mutoto. Minaandika na roho inaniuma, samahani kwa urefu

Binti_Makomeno

Haina kodi-bari. Nimeangalia na taa. Karatasi ya posheti ni nyembamba, inakuwa ya manjano ku pembeni.

Mama_Santuri_Bukavu

Nilikuwa namungojea mutu aseme ya Zambia, Mwana wa Likasi aksanti.

Dada sasa gawanya vikundi. Gentle Giant ya konokono na WITCH: hizo mbili peke yake, hauuzishe mbele ya kusikilizwa ku fono nzuri na sindano mupya, na hauuzishe kwa mutu mwenye hataki kukuonyesha bei. Pink Floyd ya Ufaransa haitafika ile ya Uingereza lakini posta mbili na vibandiko viwili vikiwa vyote inapanda, mara mingi vinakosekana, usitoshe kitu ndani. 666 iangalie vizuri diski zote mbili, ile ni ya Wagiriki, Vangelis na Demis Roussos walikuwa humo, na Lubumbashi Wagiriki walikuwa wengi kwa hiyo siwezi kushangaa mumoja wenu akikuta ingine. Ile ya mulango ya Emerson angalia kama posta yake iko ndani.

King Crimson ya munazi, na ule mukwaruzo, na mende: nitasema kweli, kwa mununuzi ni makuta kidogo. Gazeti ya Jethro Tull yenye imejazwa na biki, vile vile, wanaitaka nyeupe. Hizo mbili soko haitakuumiza ukizichunga.

Zile zingine za kawaida, zenye zilifyatuliwa mamilioni, muuzishie yule bwana, yeye si adui. Lakini umuhesabie moja moja, usikubali neno «yote».

Na siku utatuma mbali: tosha diski mu posheti uiweke nyuma ya posheti ndani ya plastiki yake, juu ikibaki ndani, karitoni ikianguka diski inapasua posheti ku juu sawa kisu. Kartoni mbili ngumu kila upande, zipite diski sentimeta mbili. Isimame wima, hakuna kulaza. Hesabu robo kilo kwa diski na posheti yake. Mimi minatumaka na mutu mwenye anasafiri ku Bruxelles, kisha anaitia mu posta ya kule, haraka ya kusafirisha kutoka hapa kwetu ilinifundisha: kartoni moja ililala pa jua mu njia sijui siku ngapi, diski ine zikafika zimekuwa sawa mawimbi ya ziwa.

Goma_Virunga

Naongeza neno moja juu ya malipo maana hapa Goma wamelizwa watu wengi. Mtu akikwambia «tuma kwanza nitalipa ikifika», au anakutumia foto ya karatasi ya benki eti amelipa, usitume. Feza iingie kwako, uione, uitoe hata kidogo, ndipo unafunga kartoni. Na piga foto za kila diski kabla hujafunga, pande zote na ule mkwaruzo wenyewe, ili kesho asikwambie uliutuma mbovu.

Kijana_Ruashi

Dada samahani kwa neno langu la kwanza. Nimeuliza mujomba wangu, anasema iko na kartoni ku Kipushi, jumamosi minaenda kuangalia

Binti_Makomeno

Ba yaya, niko na habari. Sikuandika juu nilikuwa na matanga ya jirani.

Yule bwana alirudia na kaka alikuwepo. Niliweka pa meza 38 zile za kawaida, safi, kila moja na kakaratasi yenye niliandika hali yake, na kwa nane niliandika wazi kuko mukwaruzo. Akauliza ya Zambia iko wapi. Akaitaja yeye mwenyewe, kwa jina, mbele ya kuketi! Kaka akaniangalia. Nikamujibu ile haiuzishwe leo. Akakaa kimya, kisha akaanza kupitia zile 38, akabishana bei, mwishoni tulikutana ku dola tano kwa kila moja, zote. Ni 190. Deni ya matanga tulilipa jioni ile ile, kaka njo alienda kulipa, aliporudi aliniomba nimuonyeshe diski zenye zilibaki, moja moja, na hadisi yake. Tuliketi paka usiku.

Zinabaki 33. Gentle Giant na WITCH mama Santuri tuliongea pembeni, atanisaidia kuziandika ku Discogs, lakini amekataa kabisa kuweka bei paka zisikilizwe. Zile mbili nzito, muzee, etiketi moja ilisomeka: ni Mwenda. Ingine imefutika. Nimezifunga na shuka.

Sura nyekundu na gazeti ya baba zinabaki nyumbani. Mama aliposikia tunachunga ile sura alicheka, akasema basi iikale mu sebule lakini si mbele ya kiti chake.

Sasa muzee, tunasikiliza namna gani? Mukaba nilipima na uzi, vipande viwili pamoja, ni sentimeta 58.

Muzee_Fundi_Katuba

58 ni wa kukatika ulishavutika, nitakupatia wa 56, iko mu sanduku yangu. Sindano niliikuta pia, si ya kiwanda chake lakini inaingia, haitalima. Lete fono jumamosi. Mbele ya kuibeba, tosha ile sahani kubwa ya chuma yenye diski inakalia, ifunge peke yake, na mukono wa sindano uufunge na uzi usije ukatikisika mu njia, barabara ya Katuba unaijua.

Beba WITCH na Gentle Giant. Na ile ya mukwaruzo pia ibebe, hata iruke.

Binti_Makomeno

Ndiyo muzee. Saa nane tutafika, kaka pia anakuya.